Mkongojo wa mama, na swali la patenti: kipi hasa hakikuwepo?

Maombi ya patenti yameshaingia, namba nimepewa, tarehe imeshawekwa, ndo maana leo naweza kuandika haya yote bila kuogopa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimefunga mdomo kabisa, watu wananiuliza ule mkongojo wa mama umefikia wapi nawajibu tu bado nahangaika nao, na sikuwa nawaficha kwa ubaya, mkisoma mpaka mwisho mtaelewa.

Nianze na mama. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga na baada ya hapo akawa anatembelea mkongojo. Kilichokuwa kinamtesa sio kutembea, kutembea alikuwa anajitahidi sana, kilichomtesa ni mkongojo kuanguka. Anafika mlangoni, anataka mkono wa kushika kitasa, anauegemeza ukutani, unateleza, puu, uko chini, na kuinama daktari kamkataza. Basi anasimama palepale kashika ukuta anasubiri mtu apite. Siku moja nilimkuta amesimama hivyo, sijui alikuwa hapo kwa muda gani, hakuniambia na mimi sikumuuliza, niliokota tu nikampa.

Mikongojo yenye miguu minne chini ipo, tunaijua, tulimpatia mmoja, unasimama wenyewe vizuri tu. Lakini kwenye ngazi ile miguu haienei kwenye kidato, na kwenye njia yenye mawe mguu mmoja ukikanyaga jiwe mkongojo wote unayumba na yeye anayumba nao. Kwa hiyo nikatengeneza kitu changu. Bomba la alumini la kawaida, chini kuna vimiguu vitatu vimekunjwa kama mbavu za mwavuli, juu kwenye kishikio nimefunga breki ya mkono ya baiskeli na waya wake umepita ndani ya bomba. Ukishika, waya unavuta, vimiguu vinabaki vimekunjwa na unatembelea ncha moja tu kama mkongojo wowote. Ukiachia, springi inavisukuma nje, mkongojo unabaki umesimama. Mama aliutumia kila mahali, nje ndani, na kila aliyeuona alisema neno moja: nenda katoe patenti haraka kabla hujaibiwa.

Patenti, au hataza kama wanavyoandika kwenye sheria, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako kwa muda fulani, nilikuwa naijua kwa jina tu. Nikaanza kujiuliza maswali ambayo nadhani kila mtu anajiuliza, je wazo langu ni zuri, je watu wanalihitaji, je nimetoka jasho la kutosha. Ilinichukua muda kukubali kwamba hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo ofisi ya patenti inakuuliza. Unaweza kuwa na kitu kizuri kinachookoa watu na kisipate, na mwingine akapata kwa kikofia cha chupa. Swali lao ni moja na ni gumu kuliko yote hayo: kipi hasa ndani ya hiki kitu hakikuwepo, na mtu wa fani hiyo asingekifikia kirahisi?

Kwenye maandishi wanayagawa hivi. Nchi nyingi duniani ziko chini ya mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, ulioanza kutumika 1995, na kifungu cha 27 kinasema uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, yaani mtu wa fani hiyo asingeufikia kirahisi, na uweze kutumika viwandani. Ukipita hapo ulinzi unafika miaka 20 kuanzia tarehe uliyowasilisha maombi. Hilo la kutumika viwandani nalipita haraka kwa sababu linawasumbua wachache, uvumbuzi ukiweza kutengenezwa au kutumika kwenye kazi yoyote basi umepita, wanaokwama hapo ni kama wale wanaoleta mashine ya kuzunguka milele bila nishati. Kazi yote iko kwenye yale mawili ya kwanza.

Kuna pia swali la kama ni uvumbuzi kabisa, maana kuna vitu havihesabiwi hata viwe vipya namna gani. Kugundua kitu cha asili, kanuni ya hesabu, nadharia, mchezo, namna ya kufanya biashara, hivyo vyenyewe kama vilivyo haviingii. Marekani mahakama yao ya juu kabisa mwaka 2013 ilikataa patenti ya vipande vya jeni vilivyotenganishwa tu kutoka mwilini, kwenye kesi ya Myriad, wakati mwaka 1980 kwenye kesi ya Chakrabarty ilikubali bakteria aliyebadilishwa na binadamu ili ale mafuta. Ukiziweka hizo mbili pamoja mstari unauona, ulichokikuta na ulichokitengeneza. Rafiki yangu mmoja ana programu ya kupanga zamu za wafanyakazi na alikuwa na hasira sana alipoambiwa ngumu, ila tangu kesi ya Alice ya 2014 kule Marekani kuchukua jambo la kawaida na kusema "lifanywe na kompyuta" haitoshi, lazima uonyeshe kuna tatizo la kiufundi umelitatua. Mimi kwenye hili nilikuwa salama, bomba na springi hakuna anayebisha. Isipokuwa nilitaka pia kuilinda ile namna ya kumfundisha mgonjwa hatua za kutembea nao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinisaidia kuipanga, na hapo nikaambiwa kule Ulaya mbinu za kutibu mwili wa mtu hazipewi patenti, kifaa ndiyo, mbinu hapana. Sawa. Na kwa kweli hata mimi sioni vibaya, daktari asije akaogopa kumfundisha mtu kutembea.

Sasa upya. Hapa ndo nilipokaa muda mrefu.

Mpya maana yake haijawahi kuwekwa wazi kwa umma popote duniani, kwa njia yoyote, kabla ya siku uliyowasilisha. Sio mpya kwenu, sio mpya sokoni. Karatasi ya chuo iliyokaa kwenye rafu ya maktaba kwa lugha usiyoijua inahesabika. Mfano ambao naupenda ni wa manjano. Mwaka 1995 Marekani walitoa patenti ya kutumia unga wa manjano kuponya vidonda, India kupitia baraza lao la utafiti wa sayansi, CSIR, wakapinga, wakapeleka maandishi ya zamani ya Kisanskriti na makala ya jarida lao la madaktari la 1953, na mwaka 1997 patenti ikafutwa. Waliopewa ile patenti huenda hawakujua lolote kuhusu hayo maandishi, na haibadilishi kitu, sheria haiulizi kama ulijua.

Nikaanza kutafuta. Zipo hazina za bure na ningependa kila mtu mwenye wazo azijue, Espacenet ya Ofisi ya Patenti ya Ulaya, PATENTSCOPE ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, na Google Patents. Usiku wa kwanza nikaandika maneno yangu, fimbo inayosimama yenyewe, nikaiweka kwa Kiingereza, nikaona vitu vichache visivyofanana na changu nikalala na furaha niko peke yangu duniani. Nilikosea. Watu wanaoandika patenti hawasemi fimbo inayosimama, wanasema kifaa saidizi cha mwendo chenye vihimili vinavyotanuka, na kila mmoja ana lugha yake. Njia sahihi ni kutumia alama za mafungu. Kila hati ya patenti dunia nzima inawekewa alama ya fani yake, mikongojo na miavuli ni A45B, vifaa vya kumsaidia mgonjwa kutembea ni A61H 3. Nilipoingia kwa hizo alama, jamani, ni mafuriko. Michoro ya zamani na ya juzi, fimbo zenye taa, fimbo zenye kiti, fimbo zenye miguu inayotoka kwa kubonyeza kitufe, nyingine inayotoka kwa kuzungusha kishikio. Nikatumia jioni kama kumi hivi kuzisoma, na nilichogundua ni kwamba usiangalie picha ukakata tamaa, wala usiangalie picha ukafurahi, soma madai mwishoni, yaani zile sentensi zinazosema hasa kipi kinalindwa, na maelezo katikati.

Namna wanavyopima upya ni ya kifundi kabisa. Unakigawa kifaa chako vipande, mimi nilichora jedwali kwenye daftari: bomba, vimiguu vitatu vya kukunjwa chini, springi inayovisukuma nje, waya, kishikio kinachovuta waya kikishikwa. Halafu unachukua hati moja moja unaweka tiki. Ikipatikana hati moja yenye tiki zote, upya umekufa, umekwisha hapo. Zikiwa tiki zimetawanyika kwenye hati tofauti upya bado uko hai, hizo zitakusumbua kwenye hatua ya kivumbuzi. Hati iliyonikaribia zaidi ilikuwa na vyote isipokuwa ule mpangilio wa kujifungua wenyewe ukiachia mkono, yake ulikuwa lazima ubonyeze. Kwa hiyo nikajiambia nimepita.

Na kumbuka kuna giza la miezi 18, maombi kwa kawaida yanachapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, kwa hiyo hata ukitafuta kwa bidii gani, ya mtu aliyewasilisha mwaka jana pengine huyaoni, na bado yanaweza kukupiga.

Ila kilichonipiga mimi hakikutoka gizani. Nilienda kumwona wakala wa patenti na daftari langu, mama mmoja mtaratibu sana, akaangalia jedwali, akanisifu, kisha akaniuliza swali moja tu. Huu mkongojo mama yako anautumia wapi? Nikamwambia popote, nje, kwa majirani, hospitali. Tangu lini? Nikahesabu, miezi kumi na minne. Na kuna picha? Nikakumbuka mpwa wangu alirekodi video bibi yake akiuachia mkongojo unasimama wenyewe, akaiweka mtandaoni, watu wakaipenda, na mimi nilifurahi nikawatumia marafiki.

Akanyamaza kidogo halafu akanisimulia habari ya springi za koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, sikuwahi kuisikia. Marekani, mwaka 1855, bwana mmoja anaitwa Barnes alitengeneza springi za chuma za kuweka kwenye koseti zisizovunjika haraka, akampa jozi mwanamke aliyekuwa rafiki yake, baadaye wakaoana. Alizivaa miaka, ndani ya nguo, hakuna mtu barabarani angeweza kuziona. Barnes akaja kuomba patenti mwaka 1866. Mwaka 1881 mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, kumpa mtu mmoja akazitumia bila kumfunga na masharti yoyote ya siri ni matumizi ya umma, na ni zaidi ya muda ulioruhusiwa wakati ule, miaka miwili. Jozi moja ya springi, zimefichwa ndani ya nguo. Na mimi mkongojo wa mama unapita barabarani mchana kweupe na video juu.

Nikamuuliza kama siwezi kusema ulikuwa kwenye majaribio. Akasema ipo kesi inayosaidia watu hapo, ya barabara ya mbao ya Boston. Nicholson alitandaza kipande cha barabara cha futi 75 hivi mwaka 1848, magari ya farasi yakapita juu yake karibu miaka sita kabla hajapata patenti, mahakama mwaka 1878 ikamkubalia kwa sababu alikuwa anajaribu uimara, alikuwa anaenda pale karibu kila siku, anaikagua, anaigonga na mkongojo wake. Hapo nilishtuka kidogo kusikia mkongojo. Lakini wewe, akasema, ulikuwa unaenda kukagua? Uliandika chochote? Nikasema mama alikuwa anautumia tu kwa sababu anauhitaji. Basi sio majaribio.

Kuna nchi zinakupa nafasi, Marekani una mwaka mmoja tangu wewe mwenyewe ulipotoa habari, Japani na Korea Kusini pia miezi 12, lakini mimi nimeshapitisha miezi kumi na minne. Ulaya nafasi hiyo kwa kawaida haipo hata ya siku moja. Wanasayansi wakubwa kabisa wamepoteza hapo. Cohen na Boyer, wale wa kuunganisha vipande vya DNA, walichapisha makala yao mwishoni mwa 1973, chuo kikawasilisha maombi Marekani mwaka mmoja baadaye kabla tu ya mlango kufungwa, wakapata ya Marekani, nchi nyingine nyingi zikawa zimepotea. Na Köhler na Milstein walichapisha njia yao ya kutengeneza antibodi mwaka 1975 bila patenti kabisa, na ile njia imekuja kuzaa dawa nyingi mno. Sisemi walikosa kitu maishani, Köhler na Milstein Nobeli walipata, nasema mlango ukifungwa haufunguliwi kwa sababu wewe ni mtu mzuri.

Na sio lazima uwe mtu mkubwa ndo ufunge mlango. Uingereza mwaka 1985 mahakama ya rufaa ilifuta patenti ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga, kwa sababu mwaka 1958 mtoto wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea wake na kuuchezea ufukweni kwenye kisiwa cha Hayling wikendi chache wakati wa kiangazi. Tanga lake lilikuwa na boriti mbili za kushikia, zilikuwa zimenyooka na za patenti zimepinda, na wakasema hizo za kunyooka zilikuwa zinajipinda zenyewe upepo ukivuta. Mtoto anacheza. Inatosha.

Kwa hiyo mkongojo wangu wa kwanza ulikwisha pale mezani kwa yule wakala. Nilitoka nimechoka, sitaki kudanganya, niliona nimemwangusha mama, ingawa yeye alichotaka ni mkongojo usianguke na huo anao.

Ila kuna jambo yule wakala aliniuliza wakati naondoka, hivi huo mkongojo hauna tatizo lolote? Nikamwambia lipo, na ni tatizo baya. Mama vidole vyake vinachoka. Akiwa anauegemea mkono ukilegea kidogo tu, waya unaachia, vimiguu vinafyatuka wakati bado yuko katikati ya hatua, mara mbili amejikwaa navyo. Nilikuwa ninahangaika na hilo nyumbani. Nilijaribu kuweka kitu cha kuchelewesha, vimiguu vifunguke polepole, ikawa ukiachia mlangoni mkongojo unaanguka kabla havijafunguka. Nikajaribu springi nyepesi, havikufunguka vyote. Mwisho nilichofanya ni komeo. Ile ncha ya mpira ya chini nimeifanya iweze kuingia juu milimita chache, na ikiingia inasukuma pini inayofunga vimiguu visitoke hata mkono ukilegea. Springi ya hiyo pini ni ngumu kuliko uzito wa mkongojo wenyewe na laini kuliko uzito wa mtu anayeegemea. Kwa hiyo ukiwa umeegemea vimiguu vimefungwa na uzito wako mwenyewe, ukiwa umeinua mkongojo hewani vimefungwa na mkono wako, na vinafunguka pale tu ambapo hujaegemea na hujashika. Yaani pale tu ambapo umeuacha kweli.

Akaweka kalamu chini. Huu mama ameutoa nje? Hapana, una wiki tano, anaufanyia majaribio chumbani na ukumbini, mimi niko pembeni, naandika kila siku mara ngapi umekwama. Nani mwingine ameuona kwa ndani? Fundi aliyenitobolea bomba. Akasema kesho yake niende nikaandikishane naye mkataba wa usiri, akieleza pia kwamba tangu mwanzo alikuwa anajua ni kazi ya siri, na kweli nilikuwa nimemwambia asimwonyeshe mtu, namshukuru Mungu nilisema. Makubaliano ya mdomo yanaweza kutosha, ila siku ukibishiwa utayathibitisha na nini.

Sasa ndo tukaingia kwenye hatua ya kivumbuzi, na hapo ndo panahitaji moyo, kwa sababu hakuna tiki. Unajiuliza kuhusu mtu wa kufikirika, fundi wa kawaida wa fani yako, amesoma hati zote zilizowahi kuchapishwa, ana ujuzi ila hana kipaji cha ajabu. Je angefika hapa? Wakaguzi wa Ulaya wanaenda hivi: chukua kitu cha karibu zaidi kilichokuwepo, tafuta tofauti yako nacho, uliza tofauti hiyo inatatua tatizo gani, halafu uliza kama huyo fundi akiwa na tatizo hilo mkononi ANGEfanya hivi, sio ANGEWEZA. Kuweza anaweza mambo mengi.

Na kitu cha karibu zaidi ni kipi? Ni mkongojo wangu wa kwanza. Ule wa video. Umekuwa shahidi upande wa pili, tunaanza kuhesabu kutoka pale na sio kutoka kwenye ule wa miguu minne. Hilo nataka mtu anayesoma alichukue, kutoa habari mapema hakukunyimi tu patenti ya kile ulichotoa, kunainua sakafu ambayo uvumbuzi wako unaofuata lazima uruke juu yake.

Yule wakala hakunibembeleza. Alinitolea hati za vile vifremu vya kutembelea vyenye magurudumu, ambapo ukiegemea magurudumu yanajificha juu na miguu ya mpira inashika chini. Akasema ona, kutumia uzito wa mgonjwa kuendesha kitu kinajulikana, kiko fungu lilelile la A61H 3, mkaguzi atachukua mkongojo wako wa kwanza atabandika hiki na atasema ni dhahiri. Akanieleza kesi ya KSR ya 2007 kule Marekani, ilikuwa ni pedali ya gari, pedali ya kurekebika ilikuwepo, sensa ya kielektroniki ilikuwepo, mtu akaziunganisha, mahakama ikasema fundi wa kawaida naye ana akili ya kuunganisha vitu kama vinafanya kazi ileile vilivyokuwa vinafanya na matokeo ni yaleyale unayotarajia. Nilisikia ubaridi. Breki ya baiskeli na mbavu za mwavuli, ndicho hasa nilichofanya mimi mara ya kwanza.

Lakini ipo nyingine ya 1966, ya betri ya Adams. Alichukua magnesiamu na kloridi ya shaba, vitu vilivyojulikana, ila maarifa ya wakati ule yalikuwa yanamwambia mtu aachane na njia hiyo, wataalamu wa jeshi hawakuamini kama itafanya kazi, na ikafanya kazi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Akashinda. Kwa hiyo sio kuunganisha kunakoua, ni kuunganisha ambako kila mtu angekutarajia.

Tukakaa na hilo. Kwenye ule kifremu uzito unasimamisha kifaa kizima, mgonjwa akiegemea kinashika. Kwenye mkongojo uzito hausimamishi chochote, unazuia kitu kisitokee. Na njia ambayo fundi angeifuata kwanza, na mimi mwenyewe niliifuata na ninayo kwenye daftari na tarehe zake, ni kuchelewesha vimiguu, na kuchelewesha kunaharibu kile ambacho mkongojo upo kwa ajili yake. Daftari langu la kushindwa ndilo lililokuwa la thamani kuliko mkongojo wenyewe. Mimi nilikuwa nataka kuzificha zile kurasa, nikidhani zinaonyesha sijui kazi. Yule wakala alizipiga picha zote.

Swali jingine alilouliza ni nani hasa mvumbuzi. Lazima awe mtu, hilo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilishasema Desemba 2023 kwenye ile kesi ya DABUS, mashine ya akili bandia iliyoandikwa kama mvumbuzi, na lazima wawe wale waliochangia wazo lenyewe. Fundi alitoboa kwa vipimo nilivyompa. Lakini ile hoja kwamba springi iwe katikati ya uzito wa mkongojo na uzito wa mtu, nani aliitoa? Nikafikiri vizuri nikakumbuka ilikuwa ni mama. Nilikuwa nimeweka springi laini, vimiguu havitoki, mama akasema mwanangu, huu unadhani mkongojo wenyewe ni mimi, unaona na wenyewe una uzito. Nikamwambia wakala hivyo. Akaandika jina la mama kwenye fomu, wavumbuzi wawili.

Nikaambiwa pia kitu ambacho watu wengi wanakichanganya, nikipata patenti hainipi ruhusa ya kutengeneza, inanipa haki ya kuwazuia wengine. Kama kuna mtu ana patenti hai ya vimiguu vinavyokunjwa, na mimi nina ya komeo, tunazuiana. Huo ni utafutaji mwingine kabisa na bado sijaumaliza.

Tukaandika dai la kwanza. Nilishangaa, kurasa zote zile na kila kitu kinaning'inia kwenye sentensi moja. Rasimu yangu ilikuwa imeanza na mkongojo unaosimama wenyewe, akaifuta hiyo akaniuliza tena lile swali, kipi hakikuwepo? Mwisho ikawa: vihimili vinavyotanuka kishikio kikiachiwa, ambapo komeo linaloendeshwa na mzigo kwenye ncha linavizuia visitanuke mzigo ukiwepo. Hakuna breki ya baiskeli, hakuna alumini, hakuna idadi ya miguu. Vyote hivyo nilivyokuwa najivunia vikashuka kwenda kwenye madai ya chini.

Maombi yaliingia Jumanne asubuhi. Kuanzia siku hiyo nina miezi 12 ya kwenda nchi nyingine nikihesabiwa tarehe ileile, huo ni mkataba wa Paris wa 1883, na nikitumia njia ya PCT, mkataba wa kuombea nchi nyingi kwa maombi mamoja, naweza kuvuta mpaka miezi 30 kabla ya kuchagua nchi zipi. Mkaguzi atanijibu atakapojibu, na ninajua atakuja na kile kifremu mkononi.

Kwa wiki zote zile mama alikuwa akitaka kutoka lazima auache ule mpya chumbani atoke na wa zamani, na wa zamani anauogopa sasa, anaukamata mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Kila siku alikuwa ananiuliza, leo? Namwambia bado mama. Jumanne nilipopata ile namba nilimpigia simu kabla hata sijashuka ngazi, nikamwambia mama, leo unaweza kutoka nao. Akaniambia alikuwa ameshavaa viatu.